Picha ya Mama Uliyoniomba

Temanggung

Kaka Sarwono,

Sisi wazima. Mvua haikatiki, tumbaku ya Mjomba imegoma kukauka. Umeulizia tena picha ya Mama akiwa amevaa blauzi yake ya kebaya ya lesi ya kijani, kitambaa ulichomtumia kutoka Taiwan.

Siku ya harusi yangu alipita msafiri wa kizungu, akachungulia. Shangazi Tumini akasema, "Mleteni jukwaani kabla hajatukimbia." Kijana wa watu, kaptura imejaa matope, akawa anakataa kwa aibu. Mpiga picha akamwambia Mama asogee, mgeni akae. Mama akampisha kiti, akampokea na begi. Mimi nikacheka. "Mama, sogea tena, unaziba."

Mgeni ndiye aliyeuliza, "Mama yako je?" Nikamjibu atapigwa picha baadaye. Ukoo mzima ukapanda kupigwa picha naye, mvua ikashuka, mpiga picha akafunga vyombo vyake.

Picha ile tumeikuza, iko ukutani sebuleni. Pembeni kabisa unaonekana mkono wenye lesi ya kijani, umeshika begi la matope. Wageni wakija, Mama huugusa kwa kidole.

"Huyu ni mimi," anawaambia. "Kitambaa alinunua mwanangu."

Mdogo wako,
Retno