Mti Usiofungwa Uzi

Kaka Dayananda mpendwa,

Huku mvua haijakatika, shule imefungwa, na ng'ombe amezaa ndama mweupe. Mama ameniagiza nikuandikie kwamba sote hatujambo.

Juzi ilikuwa ile siku ya kila mwaka ya kunywa dawa ya gome la mti wa paale, ya kukinga maradhi ya masika. Kwa kuwa wewe hupo, Mjomba Sanjiva ndiye aliyekwenda msituni kabla ya mapambazuko. Jioni iliyotangulia nilimkumbusha akaufunge mti uzi kungali na mwanga, kama ufanyavyo wewe, asije akaukosa gizani.

Akanicheka. "Wee profesa, paale naujua tangu mama yako hajaolewa!"

Mama alilisaga lile gome pamoja na vitunguu saumu na pilipili manga. Bibi akanywa wa kwanza, kama kawaida.

"Sanjiva, mbona chungu hivi?"

"Mama nawe! Lini paale ikawa tamu? Maliza."

Akamaliza, maana aliyemletea ni mwanawe. Sisi wengine tulikuwa bado hatujanywa. Mara shingo ilimkakamaa Bibi, mwili ukaanza kumruka. Gome lilikuwa la kasarka, ule mti wa sumu ulioota ubavuni mwa paale.

Yuko hospitali, anapumua kwa mashine. Mjomba amekaa nje ya wodi, hataki kula. Leo nilipompelekea uji aliniuliza, "Uzi wenyewe huwa wa rangi gani?"

"Mweupe, Mjomba."

Akalia.

Kaka, sote hatujambo isipokuwa Bibi. Mama hataki uache kazi huko Maskati. Mimi nakuomba uje.

Mdogo wako,
Vedavati