Darubini ya Majengo

Mwende mjukuu wangu,

Huku Kianjokoma majani chai yamechumwa na ng'ombe amezaa. Nyumba ni kimya tangu babu yako atuache.

Umeuliza neno darubini lilitoka wapi. Nilipoanza ualimu Meru, nilipanga chumba mtaa wa Majengo. Jirani yangu, muuza nyama, alikuwa na darubini ya babake. Aliniambia jina ni la Kiajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Basi nikaielekeza huku nyumbani, ng'ambo ya Mlima Kenya, nitafute moshi wa jikoni kwa mama.

"Sasa mwalimu, utatoboa mlima?" Akacheka, kisha akaniona nalia, akamwita mkewe aniletee chai.

Jana nilikuza picha yako kwenye simu, nikaikuza tena, mpaka uso wako ukapotea.

Cucu wako