Mafaili Niliyoyafuta Mwenyewe

Ijumaa. Mawingu yamekaa juu ya Bariadi tangu asubuhi na mvua haikunyesha. Nimerudi kutoka kazini na chakula sijakigusa.

Leo nimemwacha mtu aombe msamaha kwa kosa langu.

Nianze na jana. Tangu nimalize kidato cha nne ninasaidia kwenye steshenari ya Mama Doto, karibu na stendi. Kazi naipenda kwa sababu ukiwa mbele ya kompyuta watu hawakuangalii usoni. Jana jioni mashine ilikuwa nzito, nikaamua kuisafisha. Flashi za wateja hutuletea virusi mara kwa mara, na Mama Doto amenifundisha kwamba nikiona kitu cha ajabu nifute. Basi nikaingia sehemu ambayo sijawahi kuingia, nikakuta mafaili yenye majina yasiyosomeka, herufi na namba tu. Nikajua ndiyo virusi wenyewe. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo.

Sikuwa na uhakika.

Leo asubuhi akaja Mzee Masanja wa Nkololo. Juzi alituachia flashi yenye picha ya marehemu mke wake, tukamtengenezea ratiba ya mazishi na wasifu. Leo alikuja kuchukua nakala hamsini. Mazishi yalikuwa saa nane mchana. "Mwangaluka, mayu," alinisalimia. Mzee wa umri ule ananiita mayu, kama anavyomwita mama yake. Akakaa kwenye benchi, kofia magotini.

Nikafungua programu ya kudizaini. Haikufunguka. Kikatokea kiboksi kidogo kikisema programu haiwezi kuanza kwa sababu kuna faili halipo. Jina la faili liliandikwa palepale, herufi na namba. Nililitambua.

Ningeweza kusema wakati ule. Mama Doto alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu. Lakini ikawa kama nilivyokuwa darasani, mwalimu ameuliza na jibu ninalo, na mkono haunyanyuki.

Nikafunga kiboksi, nikajaribu tena. Kikarudi kilekile. Mama Doto akanisogeza, akaizima mashine na kuiwasha mara mbili, akatafuta virusi asione kitu. Halafu akaiona flashi ya mzee pale mezani.

"Mzee, hiki kidude ulikitoa wapi?"

"Cha mpwa wangu, mama. Anauza nyimbo za simu mnadani."

"Basi ndiyo hicho. Kila mwenye simu Simiyu amekichomeka. Kimetuulia mashine."

Mzee Masanja alikichukua akakigeuza mkononi, kama vile angewaona hao virusi. "Mtusamehe sana," alisema. "Sisi mambo haya hatuyajui." Kuanza upya duka lingine asingewahi. Akaondoka mikono mitupu.

Mimi nilikuwa naangalia kibodi.

Saa saba Mama Doto alipoenda kula, nilifungua pipa la taka la kompyuta, pale kwenye kona ya skrini. Mafaili yote yalikuwamo. Nikayarudisha. Hazikupita dakika tano programu ikafunguka, na mke wa Mzee Masanja akatokea na kitenge chake cha bluu, ananitazama.

Mama Doto alirudi akakuta natoa nakala. "Umeifanyaje?"

"Nimeiwasha tu, ikakubali."

"Huyu binti ana mkono wa bahati," akamwambia jirani yetu anayeuza vocha. Akazituma nakala kwa bodaboda.

Kosa la kwanza lilikuwa la kutojua. Hili la pili nilijua kabisa.

Saa kumi mzee akampigia Mama Doto simu kushukuru. Nakala zilifika watu wanatoka makaburini. Wasifu aliusema kwa kichwa, na kwenye kutaja watoto akamruka wa pili, yule aliyefariki mdogo. Alikumbuka akiwa ameshakaa. Akasema pia kwamba amemgombeza mpwa wake mbele ya watu, naye hatarudia. "Mshukuruni yule mayu mdogo," akamalizia.

Baada ya simu hiyo Mama Doto akanipa kazi ya mwisho ya siku. Nichape tangazo: HATUPOKEI FLASHI ZA WATEJA. Nililichapa kwa herufi kubwa, nikalipangilia vizuri, nikalibandika mlangoni kwa mikono yangu.

Tukiwa tunafunga alikuja mwanafunzi na flashi yake. Akasoma, akageuka.

Kesho tunafungua saa mbili. Nitatangulia kufika, nilibandue lile tangazo, nimsubiri Mama Doto nalo mkononi. Akiniona nalo lazima ataniuliza, na hapo sitakuwa na pa kujificha. Nikishamweleza, nitamwomba namba ya Mzee Masanja. Mpwa wake naye anastahili kusikia mbele ya watu kwamba hakuwa na kosa.

Sijui nitaanzaje kuongea. Labda nitaanza na salamu, kama alivyoanza mzee.