Dada na ukuta

Mwenzangu, tumetoka kliniki sasa hivi, mimi, dada na mama yetu.

Unajua tangu shemeji afie mbele ya macho ya dada, wakati huo akiwa na mimba kubwa, dada amekuwa mtu wa kimya. Leo nesi alimlaza mtoto wa dada kitandani, akamwita, akamchezeshea funguo. Mtoto kimya. Hatabasamu, hatafuti sura ya mtu.

Nesi akauliza taratibu, “Mama, huwa unaongea naye?”

Dada akajibu, “Hapana. Niliambiwa nisilie mbele ya mtoto.”

Nisilie mbele ya mtoto. Ni mama yetu aliyemwambia hivyo, akidhani anamkinga mjukuu. Kumbe dada kila akinyonyesha aligeuza uso ukutani, akabana midomo, maana akifungua tu analia. Na sisi tukamsifu amejikaza!

Nesi akamwambia, “Ubongo wake unakua kwa uso wako na sauti yako. Hata uso wenye machozi. Hujachelewa, mama. Mwambie chochote.”

Dada akamwinamia. Unajua alimwambia nini? “Baba yako alikuwa anakoroma kama trekta.” Akacheka kidogo, kisha kilio chote kikatoka. Machozi yakamdondokea mtoto shavuni.

Mtoto akamtazama mdomo, kidogo tu. Halafu akageuza kichwa, akatazama ukuta.

Mama yetu akatoka nje.

Dada alizunguka kitanda, akajibanza kwenye ukuta ule ule, akaanza tena, “Baba yako…”