Taa ya Breki Niliyoitoa Mwenyewe

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Kijijini Ndama.

Mvua imekatika tangu mchana, lakini migomba bado inadondosha maji juu ya bati. Nimefunga mlango ingawa hakuna anayekuja. Sijala tangu asubuhi. Kuna jambo nimelibeba wiki sita, leo nimelitua, na mabega bado yanauma.

Wanaopita hapa kwenye blogu kunisoma wananijua kwa mambo mawili: kulalamikia madaftari ya kusahihisha, na pikipiki. Wengi huja kwa ajili ya pikipiki. Mnajua jinsi nilivyoichukua ile yangu ya kuendea shuleni nikaanza kuigeuza iwe ya uwanjani, kwa ajili ya Jumamosi zetu kwenye ile kambi ya zamani ya wakandarasi wa barabara, kwenye njia ya kuelekea Bweranyange. Waliondoka wakatuachia eneo la lami pana kama viwanja viwili vya mpira. Tupo sita. Tumepanga matairi mabovu tukayapaka chokaa, tukapata kona saba. Hakuna anayeshindana na mtu. Unazunguka, unajifunza kulaza pikipiki, unarudi nyumbani ukiwa mwepesi.

Nimeandika hapa kila hatua ya ule ugeuzaji. Matairi laini. Usukani wa chini. Pedi za breki zinazoshika haraka. Nikaandika pia kwa nini tunatoa vioo na taa zote: ukianguka uwanjani, vipande vyake vinabaki kwenye lami na anayefuata anavipitia.

Halafu niliandika habari ya ajali. Niliandika hivi: "Nimegongwa kwa nyuma na mzee mmoja, namshukuru Mungu nimetoka salama."

Sentensi ile ni kweli, neno kwa neno. Ndiyo ubaya wake.

Sasa naandika niliyoyaruka.

Kikundi chetu kina sharti moja ambalo fundi Deo, aliyenisaidia kuigeuza, analisema kila siku kama sala: pikipiki ikishavuliwa taa haigusi barabara ya watu. Inapakiwa kwenye gari. Jumamosi ile gari tunalolitegemea lilikuwa limeenda kubeba kahawa. Deo alinipigia simu akasema tuahirishe. Nikamjibu sawa. Kisha nikakaa kibarazani nikaitazama ile pikipiki, matairi yake mapya hayajawahi kuonja kona, na nikajiambia kwamba ni kilomita saba tu, na asubuhi ile barabara haina watu.

Kulikuwa na ukungu. Si ule mzito wa kufunika mpaka miguu, ila ulitosha.

Nikiwa nateremka karibu na daraja dogo, ng'ombe wakatokea kwenye shamba la kushoto, wale wa pembe ndefu wasio na haraka na mtu. Nikashika breki. Pedi mpya zikanisimamisha pale pale, kama nilivyokuwa nikitamani. Nilisikia raha. Naliandika hili kwa sababu nimeamua kusema yote: sekunde ile nilisikia raha kwamba breki zangu ni nzuri.

Kisha kitu kikanipiga kwa nyuma, nikajikuta nimelala kwenye majani.

Alikuwa Mzee Kamugisha. Huyu ni mkulima wa kahawa na migomba, tunasali kigango kimoja, na pikipiki ameiendesha tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa nyuma yangu kwenye pikipiki yake, na dumu la maziwa. Aliona mgongo wangu kwenye ukungu, na hakuna kitu chochote chekundu kilichomwambia kwamba mgongo ule umesimama. Alivunjika mfupa wa mtulinga. Alikaa chini barabarani, ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, maziwa yakitiririka pembeni yake, na neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza mimi kama nimeumia.

"Mwalimu, nisamehe," akasema. "Sikukuona ukisimama."

Watu wakakusanyika. Mmoja akamwambia, "Mzee, macho yamechoka hayo, pumzika." Mwanamke mmoja aliyekuwa akienda shambani akainama nyuma ya pikipiki yangu, akaanza kupekua majani kwa ncha ya jembe.

"Taa yako ya nyuma imevunjika yote, mwalimu," akasema. "Hata kipande sikioni."

Taa ilikuwa nyumbani, chini ya kitanda, kwenye boksi, imefungwa gazeti.

Nikamwambia, "Acha tu mama, nitapata nyingine."

Hayo ndiyo maneno yangu. Hayazidi pumzi moja. Nimefundisha fizikia miaka kumi na moja, nimewaadhibu watoto kwa kudanganya mambo madogo kuliko hayo, na uongo wangu mkubwa kuliko wote niliusema kwa sauti ya upole, nikionekana mtu mwema asiyetaka kumsumbua mzee.

Kisha Mzee akarudia tena mbele ya wote, "Nisamehe, mwalimu." Nami nikamwambia, "Nimekusamehe, Mzee."

Nimekusamehe!

Siku ya nne binti yake, Adventina, alikuja hapa na mkungu wa ndizi kichwani. Baba yake alikuwa amefungwa mkono shingoni, asingeweza kuja. "Baba amesema zako hizi," akaniambia, "na amesema usiwe na kinyongo naye." Nilizipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Nikazipika na maharage. Zilikuwa nzuri sana. Nilikula siku tatu.

Mtu mmoja tu alikuwa akijua. Nilipoirudisha pikipiki gereji kunyoosha fenda, Deo aliizunguka mara moja, akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Mwalimu, taa ya hapa uliitoa Jumatano," akasema. "Jumamosi ilivunjikaje?"

Nikainama kuitazama fenda. Alinitazama kidogo, akachukua spana, akaendelea na kazi. Tangu siku hiyo ananihudumia vizuri na hanitanii tena.

Mnaweza kuuliza nilikuwa naogopa nini. Trafiki, ndiyo. Mkuu wa shule, ndiyo. Niliogopa pia kambi ile ingefungwa na wenzangu watano wanyimwe Jumamosi zao kwa kosa langu. Hilo la mwisho nilipenda kujiambia mara nyingi, kwa sababu lilinifanya nionekane ninawalinda watu.

Na niliendelea kwenda. Pikipiki ikipakiwa kwenye gari, kwa utaratibu, kama kanuni inavyosema. Wiki ya tatu niliilaza pikipiki kwenye kona ya nne kuliko nilivyowahi, goti likapita karibu na lami, nikapiga kelele ndani ya helmeti kwa furaha. Mzee Kamugisha alikuwa bado amefungwa mkono.

Hapa kwenye blogu, chini ya habari ile ya ajali, wasomaji kadhaa mliandika kwamba wazee wazuiwe kuendesha. Niliwajibu kwa kidole gumba.

Leo asubuhi hatukuwa na padri, katekista ndiye aliyeongoza ibada. Msomaji wa somo la kwanza hakufika. Katekista akamgeukia Mzee Kamugisha, kama ambavyo angefanya mtu yeyote, maana Mzee amesoma masomo pale kigangoni miaka mingi, na akisoma hata watoto hutulia. Mzee akatikisa kichwa.

"Mtafute mwingine," akasema, si kwa sauti kubwa, lakini mimi nilikuwa benchi la pili nyuma yake. "Macho yangu hayafai tena. Yameshamuumiza mtu."

Akasoma binti mmoja wa sekondari, akikwamakwama kwenye majina. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa akitazama viganja vyake.

Hilo la macho sikulijua. La pikipiki yake nilijua: nilisikia kwamba Adventina na kaka zake walichukua ufunguo wakiwa hospitali, na baadaye wakaiuza. Nilisikia pia kwamba haendi tena Kaisho kila Alhamisi kumwona dada yake mkubwa, yule aliyemlea. Hayo niliyameza. Nilijiambia watoto wangemnyang'anya pikipiki siku yoyote, ajali au bila ajali. Lakini kwamba mtu mzima ameacha kuyaamini macho yake mwenyewe kwa sababu yangu, hilo sikuwahi kulifikiria.

Baada ya ibada nikatembea hadi kwake. Njia nzima nilitamani nisimkute.

Nilimkuta. Alikuwa amekaa mlangoni, Adventina anamenya ndizi pembeni.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Adventina, mletee mgeni kahawa."

Akaniletea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Sikuchukua, na kwetu kutochukua ni kusema kuna jambo. Mzee akaliona.

"Una shida gani?" akaniuliza.

Nikasema. Nilianza kwa gari la kubeba kahawa, nikaenda kwenye ukungu, nikaenda kwa ng'ombe, nikajisikia mwenyewe jinsi ninavyozunguka kama niko uwanjani. Nikasimama. Nikasema, "Mzee, pikipiki yangu haikuwa na taa ya breki. Niliitoa mwenyewe siku tatu kabla. Hukuona nikisimama kwa sababu hakukuwa na cha kuona."

Kisu cha Adventina kikatulia.

Nilijiandaa kwa matusi. Mzee hakunitukana. Alivitazama viganja vyake, kisha akauliza, taratibu kabisa, "Kwa hiyo macho yangu ni mazima?"

"Ni mazima, Mzee."

Akamwambia binti yake amletee Biblia. Akaifungua katikati tu, akaishika mbali kidogo kama wanavyofanya watu wa umri wake, midomo ikaanza kwenda. Alisoma bila sauti kwa muda. Akageuza ukurasa. Akasoma tena.

"Ninasoma," akasema. "Wiki zote hizi nikiifungua nilidhani ninakumbuka tu kwa moyo. Kumbe nilikuwa ninasoma."

Hapo Adventina akainuka. Ni mpole yule, nimemfundisha mdogo wake. "Mwalimu," akasema, "nilimnyang'anya baba yangu ufunguo akiwa kitandani, analia. Baba yangu sijawahi kumwona akilia. Na wewe nilikuletea ndizi, ukanishukuru." Akaingia ndani. Sikumwona tena mpaka naondoka.

Nikamwambia Mzee kwamba Alhamisi nitatafuta usafiri nimpeleke Kaisho kwa dada yake, na kwamba pikipiki iliyouzwa nitaitafuta mpaka niipate.

"Kaisho nitajipeleka," akasema. "Magari yapo." Akafunga Biblia. "Pikipiki utaongea na wanangu, wao ndio walioiuza. Mimi nina neno moja. Siku ile nilikuomba msamaha mbele za watu. Mara mbili. Ukasema umenisamehe, watu wakasikia."

"Ndiyo, Mzee."

"Sasa umekuja kunong'ona mlangoni kwangu."

Akailaza Biblia magotini.

"Jumapili ijayo, wakati wa matangazo, utasimama," akasema. "Nitamwambia katekista akupe nafasi. Ukimaliza, nami nitajua cha kukujibu. Leo sijui, waitu, mwenzetu. Nikikwambia leo nimekusamehe nitakuwa nasema kama ulivyosema wewe."

Mzee Kamugisha humsindikiza kila mgeni hadi barabarani, hata aliyekuja kudai. Kila mtu anamjua kwa hilo. Leo alibaki amekaa. Nilipofika kwenye migomba ya mwisho niligeuka, na alikuwa ameifungua tena Biblia.

Nimempigia Deo. Nimemwambia nitasema, na kwamba kikundi kinaweza kupata matatizo. Akasema, "Niambie ni saa ngapi, nitakuja kukaa nyuma." Wenzetu wengine nitawaambia kesho mmoja mmoja, kabla hawajasikia kwa watu. Shuleni nitaanza na mkuu.

Na ninyi mlioandika kuhusu wazee, mliandika kwa kuniamini. Habari ile ya ajali sitaifuta. Nimeweka juu yake maneno ya kuwaleta hapa.

Sijui kama nitarudi uwanjani. Najua ningependa kurudi, na nimeona aibu kulijua hilo leo.

Tangu nimekaa hapa nimekuwa nikijaribu kuandika nitakachosema Jumapili. Nimeandika mara nne. Mara zote nne nimeanza na "Ilitokea kwamba."

Hakuna kilichotokea chenyewe. Nimeichana karatasi, nimechukua nyingine.

"Ndugu zangu, mimi nilidanganya."

Nimeisoma kwa sauti, peke yangu, mlango umefungwa. Nina siku saba za kuizoea.