Chai ya Mama na Vipimo vya Damu

Makorora, Alhamisi, baada ya isha

Hatimaye damu ya Mama imepimwa, na bado sijui nicheke au nimnunie.

Jumatatu hospitali iliturudisha nyumbani bila kumpima kwa sababu alikunywa chai alfajiri. "Daktari kaniambia nisile," alijitetea. "Chai hailiwi." Tangu sukari irudi madukani baada ya ile miaka ya foleni, Mama anaikoroga kana kwamba kesho itaadimika tena.

Mimi nilikuwa na hofu. Baba alitutoka kwa kiharusi, na siku hizi Mama analalamika ganzi miguuni.

Leo sikumwachia mkono tangu kitandani mpaka maabara. Mchana daktari akatuita. Sukari imepanda kidogo, mafuta kwenye damu yamepanda zaidi.

"Haya mambo huchubua mishipa kwa ndani, Mama," alisema kwa upole, "na palipochubuka ndipo damu huganda. Lakini moyo na figo ni nzima. Tumewahi."

Tumewahi! Nililia pale pale, mpaka Mama akanipa ncha ya kanga yake nijifute.

Kisha akamgeukia daktari. "Sasa niache nini, mwanangu? Nitajie kimoja."

"Upunguze sukari na mafuta, Mama."

"Nimesema kimoja."

Daktari alicheka hata akavua miwani.

Jioni Mama kapika samaki bila tui la nazi, mara ya kwanza tangu nipate akili. Kasema hana ladha kabisa. Kisha kamla mzima, na kichwa kakifyonza.