Nilimwita Mwizi kwa Ajili ya Gari Lisilovuta

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu, maana kwa hasira niliyonayo karatasi ya kwanza nimeshaichana.

Mimi ni mpika keki, kazi yangu naifanyia jikoni kwangu, na kwa muda mrefu nilikuwa nazipeleka keki za watu kwa teksi, nimezipakata mapajani kama mtoto mchanga, dereva akipiga breki roho yangu juu, hadi nikajinyima, nikajibana, nikanunua gari langu mwenyewe, si jipya, lilikuwa la mkunga mstaafu anayekaa mtaa wa pili, mama mtu mzima, mpole, gari kalitunza utadhani ni la kwenda nalo kanisani tu. Siku ya kulijaribu niliendesha mimi, mume wangu kakaa pembeni, na tulipofika kilima cha kwenda hospitali gari lilipanda bila kulalamika, nikasema hili ndilo langu, nikalipa.

Haukupita muda gari likabadilika. Nakanyaga mafuta, gari linajikokota, nakanyaga tena kwa nguvu, nyuma yangu watu wananipigia honi, wenye baiskeli wananipita huku wananiangalia kwa huruma, na kilimani ndiyo usiseme, naweka gia ya kwanza na bado najikuta nimeegemea usukani kwa kifua kana kwamba nitalisaidia kupanda. Nikamwambia mume wangu, akacheka, akasema, "Mama Keki, gari la bei ile ulitegemea lipae?" Na akienda kwa ndugu zake hiyo ndiyo ikawa hadithi yake, mke wangu kanunua kobe, watu wanacheka hadi wanashika mbavu, na mimi nacheka nao shingo upande.

Nikalipeleka kwa fundi, akabadilisha plagi, akasafisha chujio la hewa, akaangalia pampu ya mafuta, na kila akifungua boneti na kuuvuta kwa mkono waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye pedali, injini inanguruma vizuri kabisa, ila mimi nikikaa kwenye kiti nikakanyaga, mambo yaleyale, hadi fundi akaniambia kwa adabu, "Dada, labda ni mguu wako." Mume wangu alikuwa amesimama hapo, akaitikia kwa kichwa.

Basi nikaamua mwenye kosa ni mkunga. Nikaenda kwake Jumamosi mchana, mume wangu nikiwa naye garini, nikagonga geti, na mbele ya majirani zake na wajukuu zake waliokuwa wanaanika nguo nikamwambia yeye ni mwizi, kaniuzia gari bovu huku anajua, na kwamba mikono iliyopokea watoto wa watu haikupaswa kupokea hela ya haramu. Ndivyo nilivyosema, mshauri. Yule mama hakupandisha hata sauti. Alisema tu, "Mwanangu, gari nililokupa nilikuwa napanda nalo kile kilima kila nikienda zamu. Muulize aliyelishika baada yangu." Nikamwambia asinichezee akili, nikabamiza geti. Na muda wote huo mume wangu alikuwa garini, kioo kimeshushwa, anaangalia simu yake.

Juzi nilikuwa napeleka keki ya harusi, binti yangu mdogo kakaa nyuma ameishikilia. Pale pa kuingia barabara kuu lori lilikuwa bado mbali, mwenye gari zima angepita akaenda zake, nikakanyaga, gari likasitasita katikati ya barabara na lori linakuja linapiga honi, likakwepa, likapita karibu kiasi kwamba likaondoka na kioo changu cha pembeni. Keki ilimwagika gari zima. Binti yangu hakulia, alikuwa ananiuliza tu, "Mama, tumekosea nini?" Nikalikokota gari hadi pembeni, kisha nikageuza kurudi nyumbani.

Nyumbani nikaanza kusafisha krimu, ilikuwa imeingia hadi chini ya kapeti la upande wa dereva, nikalifunua, na hapo chini ya pedali ya mafuta nikakuta kipande cha mti, kimefungwa kwa waya kisicheze, kimekatwa kwa kipimo ili pedali isishuke hata nusu. Kina rangi ya kijani. Rangi hiyo naijua, niliipaka mimi kwa mkono wangu kwenye stuli ya jikoni, ile iliyovunjika mguu, ambayo mume wangu alisema anakwenda kuitupa.

Alikuwa anakula pamoja na mama yake, aliyekuja kututembelea. Nikakiweka kile kipande mezani, kando ya sahani yake. Hakukana. Akasema, "Nilikuwa nakulinda. Wewe una haraka, nilitaka uzoee kwanza." Nikamuuliza, "Na pale kwa mkunga, ulikuwa unamlinda nani?" Akasema nisikuze mambo. Hapo ndipo nilipokitupa kile kipande, sikumlenga yeye, lakini kilivunja kioo cha kabati la vyombo na maneno niliyosema siwezi kuyaandika kwenye gazeti lako.

Sasa mama mkwe anasema nimwombe mwanawe radhi kwa kumpandishia sauti mbele yake. Wifi yangu anasema wenzangu wanalilia mume wa kuwajali namna hii. Mwenyewe kanuna, anasubiri hiyo radhi kama mtu anayesubiri chai. Mimi nimehamia chumba cha watoto. Nauliza, nimwombe yaishe, au nifungashe niondoke? Kuhusu yule mkunga naona aibu, nadhani nitamtumia ujumbe mambo yakitulia.

Ni mimi, Mama Keki

Mshauri anajibu:

Mama Keki, nimekusoma hadi mwisho. Nimekasirika pamoja nawe, na pia nimekukasirikia. Tuanze na mumeo kwa sababu kesi yake ni nyepesi.

Mtu akihofia mwendo wa mkewe anamwambia. Anaweza hata kugombana naye, watu wanagombana kila siku kwa mambo madogo kuliko hayo. Hachukui msumeno. Hebu mfikirie huyo bwana: alipima, akakata, akajaribu, akafunga waya, akarudisha kapeti mahali pake, akanawa mikono, kisha akaja mezani kukucheka. Huo si woga wa mtu anayekupenda. Huyo alifurahia kujua jambo usilolijua wewe, na kila uliposhindwa kilima alijiona mkubwa.

Na kwa kuwa najua watu wa namna yake huzisoma barua hizi kwa siri, nimwambie mwenyewe. Bwana, gari linaloshindwa kuondoka halimlindi mtu. Dereva anapoingia barabarani anaamini kwamba akikanyaga, gari litaitika. Ulimnyang'anya hilo bila kumwambia, na aliyekuwa kwenye kiti cha nyuma ni mwanao. Nilitaka kumshauri mkeo akupe ufunguo na kile kipande kikiwa palepale, uingie mwenyewe barabara kuu. Nimeacha, kwa sababu dereva wa lori hana kosa.

Wifi yako, ikiwa anautamani ulinzi huo, kaka yake amkatie na yeye kipande. Stuli bado ina miguu mingine.

Radhi mumeo humwombi. Mama mkwe mwambie samahani kwa kelele, kwa kelele tu, kisha nyamaza. Kioo cha kabati ulikivunja wewe, kitengeneze wewe. Gari usiliendeshe popote hadi fundi alikague lote, na aanze na breki, kwa sababu aliyefika kwenye pedali moja hujui mkono wake uliishia wapi. Ukiwa hapo mwambie na fundi kwamba mguu wako hauna ugonjwa. Ufunguo ukae kwako.

Sasa wewe. Umeniandikia barua ndefu, krimu umeieleza, rangi ya stuli umeieleza, na yule mkunga umemweka mwisho kabisa, utamtumia ujumbe mambo yakitulia. Yatulie kwa nani? Kwake hayajatulia. Kwa majirani zake yeye bado ni mwizi hadi leo hii, na wajukuu zake waliokuwa na nguo mbichi mikononi walikusikia ukimwambia hivyo bibi yao. Hukumtukana kwa ujumbe. Ulikwenda mwenyewe na kusema kwa mdomo wako. Mumeo alikudanganya, ndiyo, lakini hakukupangia maneno. Lile la mikono iliyopokea watoto ulilitunga mwenyewe, na nadhani ulipokuwa unalisema uliliona tamu. Zaidi ya hapo, mama wa watu alikupa jibu palepale getini, bure, nawe ukamfungia geti usoni.

Kwa hiyo Jumamosi hii, fundi akiwa ameshalikagua gari, saa ileile ya kuanika nguo, nendeni wote wawili. Keki usimpelekee, utampa kazi ya kukushukuru. Gonga geti, na radhi yako uitoe kwa sauti ileile uliyotukania, majirani wasikie vizuri, useme neno mwizi lilikuwa la uongo na aliyelisema ni wewe. Ukimaliza, rudi garini.

Mumeo atabaki pale getini na kile kipande cha kijani mkononi, amweleze yule mama, mbele ya watu walewale, ni nani aliyelishika gari baada yake. Usimsaidie hata neno moja. Wewe kaa garini, shusha kioo, na simu usiiguse.

Akisema yote, mrudishe nyumbani kwa kupitia kilima cha hospitali, alisikie gari linavyopanda, na huko nyumbani muanze kuzungumza. Akikataa hata kushuka, swali lako la kufungasha amelijibu yeye. Mwombe atoke garini, na nyumbani atarudi kwa miguu.